Hadi Mbps 100? Hadi Lini?

Wasee, hilo neno "hadi" kwa mabango ya WiFi linatuchezea akili. "Hadi Mbps 100!" Sawa, na ikishuka, inashuka mpaka wapi? Hapo bango linanyamaza.

Tuelewane kwanza. Waya wa faiba hauji kwako peke yako. Unafika kwa splita, kijisanduku kisichotumia hata stima, halafu unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Mfumo uliozoeleka, GPON, unashusha kama Mbps 2,488 na kupandisha 1,244, na hizo ni za nyumba ZOTE. Gawa kwa 64: karibu 39 za kushusha, 19 za kupandisha. Wote 64 wakiwa wamelipia 100, hizo ni 6,400 zimeuzwa. Piga hesabu mwenyewe.

Kugawana si dhambi. Jirani akilala, mashine ya kampuni inachukua nafasi yake inakupea wewe. Poa sana. Shida ni kwamba hiyo mashine inafuata sheria zilizoandikwa na watu: nani ana kiwango kisichoguswa, nani anaokota mabaki. Saa mbili usiku ploti nzima iko online, wewe unapandisha video ya klaenti, na kumbe wewe ni wa mabaki. Nani alikuambia?

Na kuna hii. Data inayoshuka inatumwa kwa kila nyumba iliyo kwa splita yako. Box ya jirani inafaa tu kuipuuza ile isiyo yake. Kinga ni enkripsheni. GPON inayo, lakini kuiwasha ni uamuzi wa kampuni. Ndiyo, WhatsApp na benki zina kufuli zao. Je, ile kamera ya bei rahisi uliyoweka mlangoni?

Usiniambie "hamia kampuni ingine." Ni ploti ngapi landlord ameruhusu moja tu?

Hata matatu huandikwa mlangoni ni ya abiria wangapi. Mamlaka ya Mawasiliano ilazimishe vitu vitatu viandikwe kwa kila mkataba: tuko nyumba ngapi kwa splita, kiwango cha chini nilichohakikishiwa, na kama enkripsheni imewashwa.

Fundi akija kukuwekea, muulize hayo matatu kabla hujatuma M-Pesa. Akikosa jibu, apigie ofisi simu mbele yako.