Nani Aliyeujenga Mji wa Mbale?

Ukimwuliza mwanafunzi ye yote ni nani aliyeujenga mji wa Mbale, atakujibu mara moja: Semei Kakungulu. Jawabu hilo si la uwongo. Jemadari yule Mganda aliingia nchi hizi za mashariki kwa bunduki, akakaa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, na mji ukakua karibu na boma lake. Mwaka 1906 Serikali ilimpeleka Jinja kuwa Rais wa Baraza la Busoga, na mwaka 1913 akarudi Mbale. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1928.

Lakini je, yeye ndiye aliyeshika jembe?

Babu yangu mzaa baba, Mgisu, alilishika. Kila tulipokwenda naye sokoni alituonyesha mahali walipochimba barabara bila ya mshahara, wakisimamiwa na mawakala wa Kiganda. Na babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa mawakala hao! Alifuatana na bwana wake mpaka Jinja na kurudi, na hadithi zake zote zilikuwa za sifa. Wazee hao wawili walipokutana nyumbani kwetu, walizungumza habari za mvua tu.

Watu husema kuwa wazee hawakujua miaka. Si kweli. Bagisu hutahiri vijana wao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila kundi huwa na jina lake. Katika miaka ya 1950, nilipokuwa likizoni, nilimwuliza babu jina la kundi lake, kisha lililofuata, na lililofuata hilo, mpaka tukafika kundi la kaka yangu, ambalo mwaka wake niliujua. Nikahesabu kurudi nyuma kwa miaka miwili miwili. Kumbe alitahiriwa mwaka 1904! Mzee alicheka sana kuona nimeupata kwa kalamu.

Yule wa pili sikumwuliza lo lote. Nilitaka kujua kama alishika kiboko, nikaogopa jawabu, naye akafa kabla sijamaliza shule.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, mkienda likizo chukueni daftari. Swali mnaloliogopa liulizeni siku ya kwanza, maana likizo ni fupi na wazee hulala mapema. Nanyi wenzangu tuliosoma zamani, kama mna majina ya makundi ya kabla ya 1904, yaleteni gazetini. Mimi yangu yanaishia hapo.