Vita Tumeviona, Tuvisome Tena?

Mama mmoja wa Tchomia, aanikaye samaki ufukoni, alituuliza swali lililotunyamazisha kwanza. Alikuwa amemwona mwanawe, mwanafunzi wa sekondari, akisoma riwaya ya wapelelezi na bunduki mpaka taa ikaishiwa mafuta. “Vita tumeviona kwa macho yetu,” alisema. “Mbona watoto wavitafute tena vitabuni?”

Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2003, katika vita vya Ituri, watu wengi waliuawa hapa hapa Tchomia, na wengine walivuka ziwa kwenda Uganda na nguo moja mwilini. Basi leo twataka kumjibu, na jibu letu si moja kwa vitabu vyote.

Alichokuwa akisoma mwanawe ni Kikosi cha Kisasi cha Mtanzania Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1979. Humo mpelelezi Willy Gamba atumwa Kinshasa kuwasaka wauaji wa wapigania uhuru. Hatutaficha: Gamba apenda pombe na wanawake kuliko impasavyo mtu wa kuigwa, na adui zake wafa kwa wepesi, pasipo kutajwa mjane wala yatima. Mtu aliyepata kuzika atatambua kwamba hapo mwandishi anacheza. Walakini Kiswahili chake chaenda kama mtumbwi uliopata upepo, na kijana mvivu wa kusoma hukimaliza kwa siku mbili. Twasema asinyang'anywe. Apewe kingine juu yake.

Hicho kingine ni Le Chant de la mission, riwaya ya Mwingereza John le Carré, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006 na kwa Kifaransa mwaka uliofuata. Salvo, anayeisimulia, ni mwana wa padre mmisionari wa Ireland na mwanamke Mkongomani. Alilelewa misioni huko Kivu, akajua Kiswahili na lugha nyingine za nchi ile, na sasa ni mkalimani London. Siku moja serikali ya Uingereza yampeleka kwa siri kisiwani, akatafsiri mazungumzo ya wakubwa wa vikosi vya Kivu na matajiri wa kizungu. Mezani yatajwa amani na maendeleo. Lakini Salvo amepewa pia vyombo vya kusikilizia kwa siri, apate kusikia yanayonong'onwa nje ya mkutano, na kwa njia hiyo ajua madini yatagawanywaje, na nani atalipwa nini ili Bukavu itwaliwe. Watu wa Bukavu wenyewe hawamo katika hesabu.

Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 2020, hakutosheka na ramani. Alikwenda Bukavu mwenyewe kabla ya kukitoa kitabu. Sisi tuliokimbia vita tulisikia risasi tu. Maneno yasemwayo kabla ya risasi, katika vyumba vyenye viti vizuri, hatukuyasikia kamwe. Hiyo ndiyo faida yake, mama: chatuingiza chumbani ambamo hatukuwamo. Ni hadithi ya kubuni, asije mtu akamnyoshea kidole jirani yake kuwa ndiye aliyekuwa kisiwani! Na kwa kuwa Salvo si mwaminifu kwa mkewe, twaona kinawafaa waliokwisha kukomaa.

Waseminari na makatekista twawapa Entre les eaux cha V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Katanga aliyefariki mwaka 2025. Kilitoka mwaka 1973. Padre Pierre Landu aacha misioni na kujiunga na waasi, akiamini kwamba huko haki itapatikana upesi zaidi. Lakini waasi nao hawamwamini. Ni kitabu chembamba, tena kigumu. Mara ya kwanza tulikifunga kwa hasira. Mara ya pili tulimfikiria kijana aitwaye kwenda msituni, tukakisoma hadi mwisho.

Kwa mambo ya kale kuna Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, juu ya mateka waliotiwa huru wakakaa Freretown, karibu na Mombasa. Mwandishi awasifu Waingereza mno. Msomaji apunguze kidogo.

Na mama mwenyewe? Yeye twamchagulia kitabu kisicho na bunduki: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliyesomeshwa na Mapadre Weupe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akangoja miaka thelathini na mitano mpaka kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi. Chasimulia mume na mke wasiojaliwa mtoto. Wazazi wa mke wamchukua binti yao kwa sababu ya masimango ya ndugu za mume, lakini Myombekere akataa kuoa mwingine. Aenda kwa wakwe kumwomba mkewe, nao wamtoza pombe ya ndizi.

Ni kitabu kinene, hakimalizwi kwa juma moja. Mwana na amsomee mama kurasa chache kila jioni, samaki wakiisha kuanuliwa, na wafikapo pale Myombekere anapohangaika kutafuta ndizi za kulipa faini ile, asisome haraka.