Rejeta Kwanza, Ubaridi Baadaye

Mwezi uliopita walifika afisini kwetu wazee wawili na mama mweka hazina wa kikundi kimoja cha wakulima wa viazi hapa Kinangop. Walileta daftari lao la mkutano, wakataka niwapigie taipu azimio lao wapate kulipeleka benki. Kazi yangu ni ukarani, lakini watu wengi huniita Mwalimu, maana nilisomea ualimu kabla ya kuandikwa hapa, nao hunipa karatasi zao nizisome kwanza. Azimio lilisema kwamba kikundi kitoe Shs. 60,000/- katika akiba ili lori lao litiwe mtambo wa kupoza hewa.

Nikauliza, "Wazee wangu, ni lori lile lililobadilishwa injini?"

Wakasema ndilo. Ni lori la tani tatu, na injini yake ya kwanza, dizeli ya kawaida isiyo na turbo, ilikwisha. Mwaka jana wakanunua Nairobi, upande wa Kirinyaga Road, injini ya dizeli yenye turbo iliyokwisha kutumika Japani. Tangu siku hiyo lori lapanda milima kama halina mzigo, na kwa sababu hiyo kikundi kimeacha kuwauzia madalali shambani. Mara mbili kwa mwezi viazi vyao vyafika Mombasa, na bei ya huko si kama ya hapa.

Niliwapa maoni yangu, na kwa kuwa viko vikundi vingine vyenye lori la namna hiyo na hamu ya namna hiyo, nayaandika hapa.

Kwanza niseme neno ambalo baadhi ya wanachama hawatalipenda. Katika daftari lile niliona kwamba watu sita walipinga azimio wakisema, kikundi hakiwezi kununua baridi ya kumstarehesha kijana mmoja. Mimi sikubaliani nao. Sisi tunaoishi Kinangop, mahali ambapo asubuhi za Julai majani ya viazi huunguzwa na sakitu, hatulijui joto la kabini ya lori saa nane mchana kati ya Mtito Andei na Mariakani. Katika malori haya dereva hukaa juu ya injini yenyewe, na joto humjia kwa miguu na kwa kioo. Akifungua dirisha, vumbi na kelele. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na dereva aliyechoka kwa joto husinzia kama aliyekesha. Mzigo ni wenu, lori ni lenu, na yeye ni mtoto wa mtu. Basi lori liendalo pwani, au Garissa, au Hola, laweza kutiwa mtambo huu bila mtu kuona haya. Lori lisilopita Naivasha na Nairobi halina haja nao. Dereva afungue kioo, baridi ya Kinangop haina bei.

Mzee mmoja alidhani kwamba na viazi vitapoa. La, mzee wangu. Ubaridi huu hukaa kabini tu. Kupoza mzigo kwataka sanduku lililofungwa na kuta nene zisizopitisha joto, na mtambo mwingine mkubwa zaidi, na hilo ni shauri jingine kabisa.

Sasa nije kwenye hatari. Wengi wetu twafikiri kwamba mtambo huu hutengeneza baridi. Hautengenezi. Huhamisha joto tu. Daktari akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, unasikia baridi, kwa sababu spiriti ikikauka huchukua joto la ngozi yako. Gesi ya mtambo hufanya vivyo hivyo. Ndani ya kabini, nyuma ya dashibodi, hupita katika vibomba vyembamba ikiwa maji, ikageuka mvuke, ikachukua joto la hewa anayovuta dereva. Kisha kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini, huivuta na kuibana mpaka inakuwa moto sana. Moto huo sharti utolewe nje, na kazi hiyo hufanywa na kondensa, ambayo ni kama rejeta nyembamba. Nayo kondensa mara nyingi hufungwa wapi? Mbele ya rejeta ya injini.

Hapo ndipo penye jambo. Joto lililotolewa kabini hupulizwa moja kwa moja juu ya rejeta, ambayo ilikuwa ikingoja upepo baridi. Na lori lenye injini ya turbo lina joto jingine. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini ili mafuta mengi zaidi yachomwe. Ndiyo sababu nguvu zaongezeka. Lakini mafuta yanayochomwa hayageuki yote kuwa nguvu. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi, na sehemu nyingine kubwa huingia katika maji ya rejeta. Tena hewa iliyosukumwa na turbo hupata moto kupita nyuzi 100, na injini nyingi huwa na kipoza hewa, ambacho mafundi wa mjini huita intakula, nacho pia mara nyingi hufungwa mbele ya rejeta. Hesabuni basi: rejeta iliyotengenezwa kwa injini ndogo ya zamani sasa ina moto wa injini kubwa, na joto la intakula, na joto la kondensa. Sufuria moja, mioto mitatu.

Huku kwetu juu lori laweza kwenda hivyo miezi mingi bila kosa kuonekana, kwa sababu hewa ni baridi. Litaonekana Voi.

Najua, kwa sababu kosa hili nimelilipia mwenyewe. Mwaka 2018 mimi na shemeji yangu tulikuwa na pikapu kuukuu iliyotiwa injini ya turbo. Tukampelekea fundi mmoja, akatutia mtambo wa ubaridi uliotoka katika gari lililoanguka, na kwa kweli ulipoza vizuri. Tukapakia viazi, tukaenda pwani. Baada ya kupita Voi, mchana, shemeji alikuwa amevaa sweta. Vioo vyote tulivifunga ili baridi isitoke, kwa hiyo hatukusikia harufu ya maji yaliyoanza kuchemka wala sauti ya injini ikikaza. Geji ya joto ilikaa chini, imetulia. Baadaye tuliambiwa kwamba ilikuwa geji ya injini ya zamani iliyoungwa na kipimo cha injini mpya, na viwili hivyo havikuwa vya jamaa moja. Sindano ile isingepanda hata kama injini ingeyeyuka. Tulijua mambo yameharibika tulipoona mvuke mbele ya kioo. Kichwa cha injini, ambacho kilikuwa cha alumini, kilipasuka katikati ya valvu. Ubaridi ulikuwa ukifanya kazi mpaka dakika ya mwisho.

Tulivutwa mpaka Voi. Viazi tuliviuza kando ya barabara kwa nusu ya bei, na vingine tukagawa kwa sababu vilikuwa vimeanza kulainika juani. Kichwa kingine na kazi ya fundi vilitugharimu zaidi ya mtambo wenyewe. Karo ya mtoto wa dada yangu ya muhula ule ilitoka katika mshahara wangu kwa miezi mitano, na shemeji akauza ng'ombe wa maziwa. Sisemi haya ili nionewe huruma. Pikapu ile ilikuwa ya watu wawili. Lori la kikundi ni la watu arobaini.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kila shilingi ya kwanza iende kwa rejeta. Ifunguliwe, isafishwe ndani, na kama ni ile ya injini ya zamani, iwekwe nyingine yenye safu nyingi zaidi. Maji ya mtoni huacha magadi ndani yake. Tumieni maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta. Mapezi ya nje yaoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa nyuma kwenda mbele, ili makapi na wadudu watoke walikoingilia. Kifuniko cha rejeta kiwe kizima. Watu hudharau kifuniko, na bei yake ni ndogo, lakini ndicho kinachobana maji yasichemke upesi. Katika mwinuko wetu wa mita 2,500 hivi, maji yasiyobanwa huchemka karibu na nyuzi 92 tu.

Kisha feni. Injini ikibadilishwa, mara nyingi huwa fupi au ndefu kuliko ya kwanza, na feni hukaa mbali na rejeta, au nje ya lile bati linaloizunguka. Feni ya namna hiyo hupiga hewa iliyo pale pale ya injini, haivuti upepo kupitia rejeta. Bati litengenezwe upya lifuate feni. Na kama feni ni ya klachi, zimeni injini ikiwa bado moto, kisha izungusheni kwa mkono. Ikizunguka mara nyingi kwa urahisi, klachi imekwisha.

Geji iwe ya injini iliyomo garini sasa, na kipimo chake vivyo hivyo. Mimi ningeongeza swichi ya joto inayokata kompresa kabla injini haijafika hatari. Ni kitu kidogo, na kama tungekuwa nacho sisi, tungesikia joto kabini, tukasimama, tukauliza kuna nini.

Baada ya hayo, pakieni lori mzigo wake wote, mlipandishe barabara ya Mai Mahiu kuelekea Limuru saa nane mchana, bila mtambo wowote wa ubaridi. Sindano ikikaa mahali pake mpaka juu, sasa mnaweza kuzungumza juu ya baridi. Ikipanda, basi kabla ya kutia chochote mmekwisha kupata jibu.

Juu ya mtambo wenyewe sitasema mengi, fundi wake ajue kazi yake. Breketi ya kompresa ifungwe kwenye injini, isifungwe kwenye chasisi, maana injini ya dizeli hutikisika na mkanda utaruka. Puli zote ziwe katika mstari mmoja. Mipira ya gesi ipite mbali na turbo. Malori mengi ya Japani hutumia umeme wa volti 24 na motokaa ndogo volti 12, na klachi ya kompresa iliyotolewa katika motokaa ndogo huungua ikiunganishwa na umeme wa lori. Hewa na unyevu vitolewe kwa pampu ya kufyonza kwa nusu saa au zaidi kabla ya kutia gesi, nayo gesi ipimwe kwa mizani. Kama nafasi yatosha, kondensa yenye feni yake yaweza kufungwa kando ya chasisi, mbali na rejeta, na mimi napenda njia hiyo kuliko nyingine zote, ingawa matope hulifikia.

Gesi ya zamani, R12, iliachwa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Magari mengi baadaye yakatumia R134a. Mafuta ya kompresa ya gesi moja hayafai kwa nyingine. Na ukisikia fundi akisema atatia gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, chukua ufunguo wako uondoke. Gesi hiyo ikivuja ndani ya kabini iliyofungwa vioo, cheche moja yatosha.

Tena, injini mpya ina namba mpya. Namba hiyo iandikishwe katika kitabu cha gari, maana siku ya ajali bima itauliza.

Wazee walinisikiliza mpaka mwisho. Mzee wa pili, ambaye baba yake alipata shamba hapa katika mpango wa makazi ulioanza 1962 na akalipa mkopo wa ardhi mpaka nywele zikawa nyeupe, akasema yeye hapendi kusikia neno benki kwa sababu ya baridi. Yule wa kwanza akamjibu, "Na kijana je? Aendelee kuiva?" Wakabishana mbele ya meza yangu kwa muda mrefu, mpaka mama mweka hazina akauliza rejeta ni pesa ngapi.

Nikawaambia kwamba joto lingine la kabini hupanda kupitia sakafu, na zulia nene lenye karatasi ya alumini likiwekwa kati ya kiti na injini hupunguza mengi kwa pesa kidogo. Tena dereva akiondoka Nairobi saa kumi alfajiri, atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya joto kabla ya saa nane.

Azimio la kwanza wakalirudisha mfukoni. Nikapiga taipu jingine, nakala tatu: rejeta, bati la feni, geji na zulia mwezi huu, kwa akiba yao wenyewe; kujaribu lori mlimani; na shauri la mtambo wa kupoza hewa lirudi mkutanoni baada ya mavuno. Walipokuwa wanatoka, mzee wa kwanza akarudi mlangoni akasema, "Mwalimu, ongeza mstari mmoja. Siku ya kulijaribu lori, dereva mwenyewe awepo, aulizwe naye." Nikauongeza.