Mchuzi wa Moto na Kopo la Plastiki



Ikifika Ramadhani, sisi wa visiwani tunapelekeana futari. Zamani ilikwenda kwa bakuli la udongo au la bati. Siku hizi mchuzi wa nazi unatoka jikoni ukitokota na kumiminwa moja kwa moja kwenye kopo la plastiki, mfuniko juu. Urojo nao tunafungiwa kwenye mfuko.

Joto na mafuta ndivyo vinavyochochea kemikali kutoka kwenye plastiki na kuingia kwenye chakula. Ipo BPA, ya plastiki ngumu, na zipo thaleti, zinazolainisha plastiki. BPA ikiingia mwilini huiga estrojeni, homoni inayoongoza hedhi na mayai yetu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mwaka 2023 wataalamu wake wa chakula walishusha kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku mara 20,000!

Hatusemi kila aliyechelewa kupata mtoto kaponzwa na kopo. Sababu ni nyingi, na nyingine ziko kwa mume (hili halisemwi barazani). Lakini anayenyooshewa kidole ni mke, na mwili wake ni amana. Kwa nini tumwongezee mzigo kwa kopo tu?

Msitupe vyombo. Mchele na unga vikae humo. Mchuzi upoe kwanza, au uende na bakuli la udongo. Nawe jirani, bakuli lirudi.