Sikio la injini halihamishwi ovyo

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, asiye na sikio kabisa, huyo atavunjika nini? Swali hili lilinijia mwezi Desemba nikiwa katikati ya mlima wa Mazeras, gari limejaa watoto, mizigo na mananasi, jua la pwani likitupiga utosini.

Nianze mwanzo. Gari langu ni la zamani, la miaka ya tisini, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Yapata miezi miwili kabla ya safari hiyo lilianza uvivu. Nikikanyaga mafuta linasita, na petroli iliyokuwa ikinitosha juma zima ikawa inaisha Alhamisi. Nililipeleka kwa fundi, akaiuliza kompyuta ya gari, nayo ikajibu kwamba shida iko kwenye sensa ya noki.

Hiyo si sensa ya kuhesabu watu. Ni kidude kidogo, kinatosha kiganjani, kilichofungwa kwa boliti kwenye chuma cha injini. Kazi yake ni kusikiliza. Katika injini nzuri, plagi hutoa cheche na moto husambaa ndani ya silinda kwa utaratibu, ukiisukuma pistoni chini. Lakini petroli ikiwa hafifu, au injini ikiwa na joto jingi, au masizi yakiwa yamejaa ndani, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo hugonga kuta za silinda, na dereva husikia mlio kama wa sarafu zikitikiswa ndani ya mkebe. Mafundi wetu wakisema injini "imenoki" huwa wanamaanisha imekwisha kufa. Mlio huu ni onyo la mapema; ukiachwa uendelee, pistoni hutoboka na gasketi huungua.

Mwanangu wa kidato cha tatu alinikumbusha fizikia yake. Ndani ya sensa mna kipande cha fuwele ambacho kikibanwa au kutikiswa hutoa umeme kidogo. Tabia hiyo iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie. Kompyuta ya injini hupokea umeme huo, na ikisikia mgongo huchelewesha cheche kidogo hadi kelele itulie. Ikiona sensa haijibu, huchelewesha cheche kwa tahadhari wakati wote. Ndiyo sababu gari huwa vivu na hunywa mafuta. Katika baadhi ya magari ya miaka hiyo, taa ya onyo kwenye dashibodi haiwaki hata kidogo.

Zamani dawa ya mgongo huu ilikuwa risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba ukitia kemikali yenye risasi katika petroli, injini haigongi. Iligeuka kuwa sumu iliyoharibu akili za watoto duniani kote. Kenya iliachana na petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005, na Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna nchi inayoiuza tena kwa magari. Kwa hivyo leo gari linategemea petroli safi na sikio zima.

Sasa turudi gerejini. Katika injini nyingi za V, kwa mfano zile za Nissan za aina ya VQ zilizotiwa kwenye Cefiro na Maxima za miaka ya tisini, sensa hukaa bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Kuifikia ni kufungua nusu ya injini. Kifaa chenyewe ni bei nafuu. Kazi ndiyo ghali.

"Mzee," fundi akaniambia, "kuna njia tatu. Tufungue yote, siku nzima na gasketi mpya. Ama nitie rezista ya shilingi chache hapa kwenye waya, kompyuta idhani sensa ni nzima. Ama tununue sensa mpya, tuifunge hapa juu kwenye manifoldi, tuivutie waya. Saa moja, umeenda."

Ile ya rezista niliikataa papo hapo. Huko ni kumziba mlinzi masikio kisha kumlipa mshahara. Lakini ile ya kuhamisha ilinivutia. Januari ilikuwa inakuja na karo yake, na watoto walikuwa wameahidiwa bahari. Nikasema, "Weka juu, fundi."

Gari lilirudisha nguvu zake siku hiyo hiyo. Nikajipongeza. Tukateremka Mombasa bila tatizo, tukaogelea, tukala mahamri. Ni wakati wa kurudi, tukipanda kutoka pwani kuelekea Mariakani, ndipo Mama Neema alipozima redio ghafla.

"Baba Neema, ni nini hicho kinalia kama misumari kwenye kopo?"

Nilitaka kusema ni mizigo. Lakini nilipoachilia mafuta, mlio ulinyamaza, na nilipokanyaga, ulirudi. Injini ilikuwa inagonga, na kompyuta haikuwa na habari. Nilishuka gia, nikazima kiyoyozi, nikapanda polepole huku malori yakinipita. Njia nzima nilikuwa nikihesabu: kubadilisha sensa kwa njia ya haki kungenigharimu sehemu ya karo, injini ikifa ingechukua karo ya mwaka mzima, na hapo tulipo, watu sita kando ya barabara.

Mbona Nairobi hatukuisikia? Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, silinda hujaa hewa kidogo, na injini haigongi kwa urahisi. Pwani hewa ni nzito na ya moto, nasi tulikuwa tunapanda na mzigo. Tulipofika Mtito Andei mlio ulikuwa umepungua, na tulipozidi kupanda ukatoweka kabisa. Yaani kosa lilijificha nyumbani, likajitokeza ugenini.

Jumatatu nilirudi kwa fundi, nikamwomba afungue yote. Na hapo, msomaji, ndipo nilipopata somo la pili. Bondeni tuliikuta sensa ya zamani imekaa mahali pake. Tulipoipima ilikuwa nzima! Kilichokuwa kimekufa ni kipande cha waya kinachotoka kwake. Joto lilikuwa limekikausha hadi kikavunjika kama kijiti. Sensa mpya niliinunua bila sababu. Fundi alicheka kwa aibu, nami pia. Kwa kuwa palikuwa wazi tayari, tulitia waya mpya na ile sensa mpya bondeni, ya zamani nikaiweka kabatini.

Nawe ukikumbwa na shida hii, fuata mambo haya.

Kwanza, pima kabla ya kununua. Katika Nissan nyingi za wakati huo, sensa nzima injini ikiwa baridi huonyesha takriban kilo-ohm 500 hadi 620. Tumia mita inayoweza kusoma zaidi ya mega-ohm 10. Kipimo kikionyesha njia imekatika, shida yaweza kuwa waya au sensa. Yote mawili yako mahali pamoja, kwa hivyo kagua yote ukishafungua.

Pili, ukifungua manifoldi, iwe injini imepoa, betri imetolewa waya na mgandamizo wa petroli umeondolewa. Tia alama kila mpira, ziba matundu ya silinda kwa vitambaa safi, maana nati moja ikitumbukia humo ni kilio. Nunua gasketi mpya.

Tatu, safisha kitako cha sensa hadi chuma kionekane. Usitie rangi, gundi wala washa ambayo haikuwepo. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Ikikazwa kidogo haisikii, ikikazwa kupita kiasi husikia visivyo. Na sensa ikianguka sakafuni, usiifunge. Fuwele hupasuka ndani bila wewe kuona.

Nne, ikiwa huna budi kuihamisha, usiifunge kwenye manifoldi, mfuniko wala mkono wa chuma. Ifunge kwenye mwili wenyewe wa injini, karibu na silinda, mahali bapa penye tundu la boliti linalolingana, mbali na ekzosi, na waya wake uwe ule uliofunikwa wa kuzuia kelele za umeme. Hata hivyo ujue kwamba waliounda injini waliisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kuchagua mahali pa sikio. Baada ya kuihamisha, lijaribu gari mlimani likiwa na mzigo, redio imezimwa, kabla hujawapakia watoto kwenda mbali.

Mwisho, mlio ukikupata njiani, punguza mafuta, shuka gia na uende polepole. Ukifika, usiseme limepona kwa kuwa limenyamaza.

Sikumlaumu fundi wangu. Alinipa njia tatu, nami ndiye niliyechagua ya mkato. Mama Neema bado hunikumbusha kila tunapopita gerejini: siku ile sikio pekee lililofanya kazi katika gari letu lilikuwa lake.

Hadi Jumapili ijayo, endesha salama.