Tanuri la matofali lisimeze misitu wala ufundi

KATIKA sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, nyumba ya matofali ya kuchoma ni fahari ya familia na riziki ya vijana waliokosa ajira. Ufundi huu haufunzwi darasani. Mzee humwelekeza kijana kuchagua udongo, kuukanda, kuujaza kwenye kalibu ya mbao, kuyaanika matofali kivulini yasipasuke, kisha kuyapanga na kuyachoma.

Hata hivyo, tanuri hula kuni usiku na mchana. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, ilikuwa imetambua hatari ya kuipoteza misitu. Nayo mashimo yanayochimbwa udongo hujaa maji na kuzalisha mbu.

Je, wachomaji wafukuzwe? La hasha. Yapo matofali yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, udongo ukichanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Lakini hayo pia yanamhitaji anayeujua udongo, kwani wenye mfinyanzi mwingi hupasuka na wenye mchanga mwingi humomonyoka. Ujuzi huo tayari wanao wachomaji. Wasichokuwa nacho ni pesa za mashine na saruji.

Serikali za kaunti hazina budi kuwakopesha mashine na kuwapa mafunzo katika vyuo vya ufundi kabla ya wazee hao kututoka. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.