Nuru na Uchunguzi wa Kansa ya Mlango wa Kizazi

Kansa ya mlango wa kizazi haizuki ghafla. Tangu virusi vya papiloma viingie mwilini hadi kansa yenyewe itokee, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20, muda wa kutosha kuuona ugonjwa na kuuondoa. Hata hivyo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa kansa hiyo, wengi mno wakiwa wa nchi maskini.

Kolposkopu, yaani darubini yenye taa iliyobuniwa na Hans Hinselmann nchini Ujerumani mwaka 1925, ni chombo kizuri, lakini ni ghali na huhitaji bingwa. Ndiyo maana katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki muuguzi hupaka siki iliyopimwa, husubiri dakika moja, kisha hutazama kwa macho matupu kama pana weupe. Njia hii ni rahisi. Ila mmoja akiona weupe, mwenziwe aweza asione kitu.

Hapo ndipo nuru ipasapo kusaidia. Mwanga wa kijani hunyonywa na damu, hivyo mishipa midogo huonekana myeusi na mpangilio wake mbaya hudhihirika. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Nimmi Ramanujam na wenzake wametengeneza kolposkopu ya mfukoni yenye kamera. Rebecca Richards-Kortum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice wametumia nyuzi nyembamba za kioo: chembehai hupakwa rangi ya proflavini, humulikwa kwa mwanga wa buluu, na viini vyake hung'aa. Viini vikubwa vilivyosongamana ni dalili ya hatari, nayo huonekana papo hapo pasipo kukata nyama.

Wapo wanaodai kwamba kipimo cha virusi pekee chatosha. Kwa kuanzia, hakika ni bora. Lakini kwa wanawake wengi virusi hivyo hutoweka vyenyewe. Aliyekutwa navyo akaambiwa aende hospitali ya mkoa, aghalabu hafiki. Nauli tu ni kikwazo. Nuru na iwe hatua ya pili, siku ile ile, chumba kile kile, pamoja na kifaa cha kuunguza sehemu iliyoharibika kwa joto. Kamera chache zenye tiba kando yake zafaa kuliko kamera kila wilaya zisizo na tiba. Na kwa wanawake waliokoma hedhi, ambao sehemu ya kuchunguzwa imejificha ndani, kamera isitegemewe.